Kuufufua mtaa uliochakaa bila kumhamisha mtu: mwongozo kwa wenye nyumba na wapangaji wao

Nyumba ya Kiswahili ya vyumba sita unaijua hata ukiwa umefumba macho. Mbele kuna baraza, ukiingia kuna korido ndefu, vyumba vitatu kulia na vitatu kushoto, na mwisho wa korido mlango wa uani: jiko, bafu, choo, karo la kufulia. Chumba kimoja cha mbele anakaa mwenye nyumba, vilivyobaki wanakaa wapangaji. Nyumba za namna hii ndizo zilizoijenga Magomeni, Ilala, Temeke na Buguruni, na ndizo leo zimechoka. Chumvi imekula ukuta mpaka usawa wa dirisha, bati limeota kutu, choo kimejaa, na mvua ikinyesha maji hayana pa kwenda.

Nimeshika mwiko wa uashi kwa miaka mingi hapa Dar es Salaam na nimekaa kwenye kamati ya mtaa wetu. Nilichojifunza nakiweka mbele kabisa, kwa sababu hatua zote zinazofuata zimesimama juu yake: mtaa hufufuliwa na mtu anayelala humo. Mwenye nyumba aliyehamia mbali na kutuma kijana kukusanya kodi hasikii harufu ya choo kilichofurika. Anayelala chumba cha mbele anaisikia, na ndiye atakayeamka saa tisa usiku kuzibua mtaro. Kwa hiyo kazi yenu ni kumbakiza mwenye nyumba ndani ya nyumba yake, kumrudisha aliyeondoka, na kumfungulia mpangaji wa siku nyingi njia ya kuwa mwenye nyumba. Tofali na bati vinakuja baadaye.

Hatua ya kwanza: hesabuni nyumba, tena mvua ikinyesha

Tafuteni daftari kubwa, mjumbe, mtu mmoja wa serikali ya mtaa na vijana wawili wenye simu za kupiga picha. Piteni nyumba kwa nyumba. Chagueni siku ya masika, kati ya Machi na Mei, kwa sababu wakati wa jua kila mtaa unaonekana una nafuu.

Kila nyumba iandikwe mambo haya: mwenyewe anakaa humo au hakai, ana karatasi gani mkononi (hati, leseni ya makazi, mkataba wa mauziano, au hana kitu), kuna wapangaji wangapi na aliyekaa muda mrefu zaidi amekaa miaka mingapi, choo ni cha aina gani na hutolewa vipi kikijaa, maji ya mvua ya paa na ya uani yanaelekea wapi. Swali la mwisho msiulize, angalieni kwa macho. Mtu atakwambia "yanakwenda barabarani" kumbe yanaingia kwa jirani.

Tulipomaliza kuhesabu mtaa wetu, tulidhani nyumba mbovu kuliko zote zitakuwa za watu wasio na kitu. Sivyo ilivyokuwa. Zilizokuwa mbovu kabisa ni nyumba za marehemu. Wazee wamefariki, watoto wametawanyika, kodi inakusanywa na kugawanywa, na hakuna hata mmoja anayethubutu kubadilisha bati moja kwa sababu atakuwa ameitengeneza nyumba ya wote kwa fedha yake. Ndiyo maana hatua inayofuata nimeiandika kwa urefu.

Hatua ya pili: malizeni mirathi

Nyumba yenye jina la marehemu haikopeki, haiuziki kihalali na haitengenezeki. Familia nyingi zinajua hivyo, lakini zinaogopa kikao kwa sababu kikao huleta ugomvi. Kamati ya mtaa haina mamlaka ya kugawa mali ya mtu, ila inaweza kufanya jambo moja la msaada mkubwa: kuwashauri, kuwasindikiza na kuwaandikia barua ya utambulisho.

Njia yenyewe ni hii. Familia hukaa kikao na kuandika muhtasari unaomtaja mtu wanayempendekeza kuwa msimamizi wa mirathi, na wote waliohudhuria hutia saini. Muhtasari huo, pamoja na cheti cha kifo kutoka RITA, wakala wa serikali unaosajili vizazi na vifo, hupelekwa mahakamani. Mirathi inayofuata sheria ya Kiislamu au ya kimila husikilizwa Mahakama ya Mwanzo, na kwa wakazi wa Dar es Salaam kuna kituo jumuishi cha mahakama pale Temeke, kilichoanza mwaka 2021, kinachoshughulikia mirathi na mambo ya ndoa chini ya paa moja. Mahakama hutangaza ombi ili mwenye pingamizi ajitokeze, kisha humteua msimamizi. Ndani ya miezi minne msimamizi anatakiwa kurudisha Fomu Namba 5, yenye orodha ya mali na madeni, na baadaye Fomu Namba 6, inayoonyesha nani amepata nini.

Hapo ndipo familia nyingi hukwama. Msimamizi anapata barua ya uteuzi, anaiweka kabatini, na kuanzia siku hiyo anajiona mwenye nyumba. Msimamizi si mmiliki. Amepewa kazi ya kukusanya, kulipa madeni na kugawa, halafu kufunga faili. Warithi wana haki ya kwenda mahakamani kumtaka atoe hesabu, na wasione haya kwa sababu eti ni kaka mkubwa.

Sasa, nyumba moja itagawanywaje kwa watu saba? Jibu la haraka ni kuiuza na kugawana fedha, na kila nyumba inayouzwa hivyo mara nyingi hununuliwa na mtu asiyekusudia kulala humo. Kabla ya kufika huko, mrithi anayekaa kwenye nyumba apewe nafasi ya kwanza ya kununua hisa za wenzake. Ikiwa hana fedha taslimu, na kwa kawaida hana, zipo njia nyingine. Nilishuhudia familia moja ikifanya hivi: binti aliyebaki nyumbani kumuuguza mama aliwaachia ndugu zake kodi ya vyumba vitatu kwa miaka minane, badala ya fedha ya mkupuo. Mkataba uliandikwa kwa mwanasheria. Kila mwaka sehemu ya kodi ilikatwa kwanza kwa ajili ya matengenezo, ndipo kilichobaki kikagawanywa. Miaka ilipotimia ndugu wakatia saini kwamba hawana dai tena. Nyumba ile leo ina bati jipya, na kila Idi ndugu wote hukutana hapo barazani. Ningependa familia nyingi zaidi zijue kwamba jambo hili linawezekana.

Hatua ya tatu: karatasi ya ardhi

Kabla hamjalipa mtu yeyote senti moja, pimeni umbali kutoka mtoni. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inazuia shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto, ziwa au bahari. Nyumba iliyo bondeni haitapata hati, na kuimwagia fedha ni kumdanganya mwenyewe. Sisemi hivi kwa wepesi. Baada ya mafuriko ya Desemba 2011, wakazi wengi wa mabondeni walipelekwa Mabwepande, mbali na kazi zao, shule za watoto wao na wateja wao wa chapati. Kamati yenye huruma huanza mapema kutafuta nafasi ya watu hao ndani ya mtaa uleule, na katika hatua ya tano nitaonyesha namna.

Kwa nyumba zilizobaki kuna ngazi mbili. Leseni ya makazi, iliyowekwa na Sheria ya Ardhi ya 1999, inakutambua kuwa mkaaji halali kwa muda maalumu. Inasaidia, lakini si hati miliki. Hati hupatikana kwa urasimishaji: wakazi huunda kamati, eneo huandaliwa mchoro wa mipango miji, mchoro unaidhinishwa, viwanja vinapimwa, ramani ya upimaji inaidhinishwa na kusajiliwa, kisha kila mtu anapewa ankara ya kulipia na hatimaye hati yake.

Kampuni binafsi huruhusiwa kufanya upangaji na upimaji. Sisi tulipata moja ambayo ilikuja na vijana wengi, ikapanda mawe ya mipaka kwa wiki moja, ikachukua michango ya watu wote, kisha ikapotea. Miaka miwili baadaye tukaambiwa kwamba hakuna ramani iliyowahi kuidhinishwa. Kina mama waliouza vitenge vyao kulipia mchango ule bado nakutana nao njiani. Kwa hiyo nawasihi: fungueni akaunti ya benki ya kamati yenye watia saini watatu, akiwamo angalau mwanamke mmoja na mtu asiye kiongozi. Kabla ya kusaini, ulizeni ofisi ya ardhi ya halmashauri kama kampuni imesajiliwa na kikomo cha mchango kwa kiwanja ni kiasi gani. Lipeni kwa awamu, awamu moja mkiuona mchoro umegongwa muhuri wa kuidhinishwa, nyingine mkiiona ramani ya upimaji imesajiliwa. Jiwe lililopandwa ardhini bila ramani iliyosajiliwa halina kazi.

Wakati wa mchoro mtagombana kuhusu njia. Ni lazima gari la kunyonya choo na la zimamoto lifike, na hilo maana yake ni watu kusogeza kuta na vibaraza. Pimeni kutoka katikati ya njia iliyopo, nusu huku na nusu kule, kwa kila nyumba bila kumwangalia mtu usoni. Tusipofanya hivyo, anayepoteza ardhi ni mjane na mgeni.

Jambo dogo lenye uzito: hati iandikwe majina ya mume na mke pale wote wawili wapo. Sheria tayari inataka ridhaa ya mwenzi kabla nyumba ya familia haijawekwa rehani, lakini jina kwenye karatasi ni ulinzi ulio rahisi kuonyesha kuliko maneno.

Hatua ya nne: maji na choo kabla ya nyumba

Miaka ya 1990, wakazi wa Hanna Nassif kule Kinondoni walichimba na kujenga mitaro na barabara za mtaa wao kwa mikono yao wenyewe, kwa kushirikiana na serikali na mashirika ya kimataifa. Walianza na mitaro, na nadhani walikuwa sahihi kabisa. Ukijenga nyumba nzuri kwenye dimbwi, baada ya masika mbili tatu una nyumba mbovu kwenye dimbwi.

Mtaro hauhitaji mtambo mkubwa ili upate mteremko. Chukueni mpira wa maji unaoonyesha ndani, wa mita kumi na tano au ishirini, uleule mafundi wanaoutumia kupimia leveli. Ujazeni maji, hakikisheni hakuna povu la hewa katikati. Mtu mmoja asimame mwanzo wa mtaro ameshika ncha moja, mwingine aende na ncha ya pili. Maji yakitulia, usawa wake ni uleule pande zote mbili. Kila mmoja apime kwa futi kutoka kwenye maji hadi chini. Tofauti ya vipimo ndiyo mteremko. Sentimita moja kwa kila mita inatosha kusukuma mchanga; ikipungua sana, mtaro utageuka jalala. Andikeni vipimo kwenye ukuta wa kila nyumba kwa rangi, ili mchimbaji asikisie. Na kabla jembe la kwanza halijagusa ardhi, hakikisheni mmejua mtaro unaishia wapi. Mtaro unaoishia kwa jirani wa mtaa wa pili ni ugomvi uliosafirishwa.

Kuhusu choo tuseme ukweli. Watu wetu wengi bado "wanatapisha": mvua kubwa ikija wanatoboa shimo na kuyaachia maji ya choo yachukuliwe na mafuriko. Kila anayefanya hivyo anamnywesha mtoto wa mwenzake. Mtaa ukiwa karibu na bomba kuu la majitaka au mabwawa yake, zungumzeni na DAWASA, mamlaka ya majisafi na majitaka ya Dar es Salaam, kuhusu mtandao mdogo wa mabomba membamba yanayopita nyuma ya nyumba kwa kina kifupi, nyumba kadhaa zikichangia laini moja na chemba. Vingunguti imefanya hivyo. Kama hakuna bomba karibu, jengeni shimo lenye kuta za tofali na mfuniko unaofunguka kwa urahisi, mdomo wake ukiwa juu ya alama ya maji ya mafuriko, upande ambao gari au pampu ya mkono inafika. Mtaa ulioungana na kukodi gari la kunyonya siku moja kwa vyoo kumi hupatana bei kwa nguvu kuliko mtu mmoja mmoja. Na kisima kifupi kilicho katikati ya vyoo kiwe cha kufulia na kujengea tu.

Hatua ya tano: choreni nyumba chini kwa mashuka

Hapa nafasi ni ndogo na watu ni wengi, kwa hiyo nyumba lazima zipande juu. Huruma, Nairobi, kwenye kijiji cha Kambi Moto, wakazi walianza mwaka 2003 kujenga nyumba za ghorofa kwenye viwanja vya mita 4.5 kwa 4.5 kila kimoja. Familia ilianza na chini, ikaishi, ikaendelea kupanda kadiri ilivyopata. Nimewahi kupiga kamba mraba wa ukubwa huo chini nikasimama katikati. Mwanzoni unaona haitoshi hata kitanda. Ukiweka ngazi pembeni na chumba juu yake, na kingine juu tena, unaona familia inaishi.

Fanyeni zoezi hilo nanyi. Tafuteni kiwanja cha wazi, chaki au vigingi vya miti, kamba na mashuka ya nyumbani. Tundikeni mashuka kuwa kuta kwa vipimo halisi. Mwiteni mwenye nyumba aingie, ageuze kitanda, apike, amsaidie mtoto kupanda ngazi. Kina mama ndio watakaowaambia kwamba jiko liko upande wa moshi au kwamba mlango wa bafu unatazama barazani. Mchora ramani aliyekaa ofisini hawezi kuyaona hayo, na shuka halina gharama ya kubomoa.

Sasa ile njia ya watu wa bondeni na ya wapangaji wa muda mrefu. Sheria ya umiliki wa sehemu za majengo ya 2008 inaruhusu jengo moja kuwa na hati kadhaa, kila sehemu mmiliki wake. Majirani wawili wenye viwanja vidogo wanaweza kuviunganisha na kujenga jengo moja la ghorofa mbili. Wao wanakaa chini na wanapata hati zao; sehemu za juu zinanunuliwa kwa awamu na mpangaji aliyekaa hapo miaka kumi, au familia inayotoka mtoni. Fedha ya wanunuzi ndiyo inayomalizia jengo. Hakuna aliyehamishwa, mtaa una wenye nyumba wanne pale palipokuwa na wawili. Mtahitaji mwanasheria na mpimaji, na kibali cha ujenzi cha halmashauri kabla ya kuchimba. Msikubali "tutakipata baadaye", kwa sababu alama nyekundu ya X ya kubomolewa hufika ukutani mapema kuliko kibali.

Kuna watakaosema ni bora serikali ibomoe yote na kujenga upya. Magomeni Kota imefanyika hivyo: kaya 644 ziliondolewa, na mwaka 2022 zikarudi kwenye majengo mapya mazuri. Ila kati ya kubomolewa na kurudi ilipita takribani miaka kumi, na mtaa wa mama lishe na mafundi cherehani hauwezi kusubiri muda huo ukiwa umetawanyika. Nyumba moja moja, huku watu wakiendelea kulala mtaani, inaonekana ya polepole, lakini ndiyo ninayoiamini.

Hatua ya sita: kutengeneza na kujenga

Anzeni na ukuta unaoliwa na chumvi, maana ndio ugonjwa wa mji wetu. Unatokana na maji ya ardhini kupanda kwenye tofali, na wakati mwingine mchanga wa baharini uliotumika kujengea. Watu hubandua plasta na kupiga nyingine nzito ya saruji, au hufunika kwa vigae. Unyevu haukauki, unapanda juu zaidi. Kwanza ondoeni maji kuzunguka nyumba. Kisha fundi akate ukuta mstari mmoja juu ya msingi, urefu usiozidi mita moja kwa wakati, aingize karatasi nzito ya plastiki ya kuzuia unyevu, ajaze chokaa ya saruji na kusubiri ikauke. Ndipo aruke na kukata kipande kingine mbali na hicho. Asikate vipande viwili vinavyofuatana, ukuta utashuka. Kazi hii ni ya wiki kadhaa na ni ya kuchosha. Nimeiona ikiokoa nyumba ambazo watu walishazikatia tamaa.

Kwa ujenzi mpya, lindeni kipimo cha saruji. Wapo wanaofyatua tofali za inchi sita hamsini na zaidi kwa mfuko mmoja wa kilo 50. Mimi sivuki thelathini na tano, na nazimwagilia maji asubuhi na jioni kwa siku saba zikiwa kivulini. Tofali ikidondoshwa kutoka kiunoni ikasambaratika kama andazi bichi, mrudishie aliyekuuzia. Njia nyingine ni tofali za kufungamana za udongo na saruji kidogo, zilizoenezwa nchini na Wakala wa Utafiti wa Nyumba Bora na Vifaa vya Ujenzi. Zinashindiliwa kwa mashine ya mkono, zinapangwa bila chokaa katikati na mara nyingi hazihitaji plasta. Si kila udongo unafaa. Jazeni udongo nusu chupa ya plastiki, ongezeni maji, tikiseni, acheni hadi kesho yake: mchanga utakaa chini, mfinyanzi juu. Mchanga ukiwa tabaka kubwa na mfinyanzi kidogo, udongo unafaa kujaribiwa. Mfinyanzi ukizidi, tofali litapasuka likikauka. Vijana wa mtaa wakijifunza mashine hiyo, fedha ya tofali haitoki mtaani.

Nyumba ipumue. Upepo wa kaskazi unatoka kaskazini mashariki, wa kusi unatoka kusini. Madirisha yatazamane pande hizo ili hewa ipite, na ukuta wa magharibi uwe na matundu machache kwa sababu jua la alasiri ndilo linalochoma. Acheni matundu ya hewa juu, chini ya dari. Paa litokeze vya kutosha kuukinga ukuta na mvua. Bati jeupe au la rangi ya mwanga lina joto dogo kuliko jekundu, ingawa jekundu ndilo fahari ya wengi.

Paa hilohilo ni chanzo cha maji. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Dar es Salaam hupata milimita 1,000 au zaidi kwa mwaka, hivyo paa la mita za mraba 80, hata ukipoteza moja ya tano, linakusanya lita 64,000. Tenki halitaweza kuyahifadhi yote, lakini kila lita inayoingia kwenye tenki haikuingia uani kwa jirani. Maji ya kwanza baada ya kiangazi yamwageni, yana vumbi na kinyesi cha ndege.

Hatua ya saba: fedha

Gaweni ujenzi katika vipande ambavyo kila kimoja kikiisha kinatumika: mtaro na choo, msingi na chumba kimoja, ngazi na chumba cha pili. Nyumba iliyofika lenta bila paa inaoza, na inaoza na akiba ya mtu.

VICOBA, vikundi vya kuweka akiba na kukopeshana, ndiyo benki yetu ya kwanza. Wanachama wanunue kwa pamoja ili wapate bei ya jumla, wakianza na nondo na bati, ambazo hukaa. Saruji iwe ya mwisho. Mfuko uliokaa miezi mitatu stoo umeshapungua nguvu. Baada ya bomoabomoa ya Kurasini kupisha upanuzi wa bandari, watu wa kipato kidogo waliokuwa wakiweka akiba kwa vikundi waliungana, wakanunua ekari 30 Chamazi na kuanzisha ushirika wa nyumba. Walithibitisha kwamba shilingi za akiba zinajenga. Lakini Chamazi iko pembezoni mwa jiji, na nauli ya kila siku ni mkopo usioisha. Akiba hiyohiyo ikianza kabla ya bomoabomoa, watu hubaki pale walipo.

Mkopo wa benki wa nyumba unawafaa wenye hati na kipato kinachoonekana. Wenye kipato cha kuokoteza waulizie mikopo midogo ya nyumba, ya kipande kimoja kimoja. Nyumba msiiweke rehani kwa ajili ya mtaji wa biashara, hata mkibembelezwa vipi.

Hatua ya nane: mpangaji

Mtaa ukikauka, kodi hupanda, na wa kwanza kuondoka ni walewale waliobeba mawe ya mtaro. Kwa hiyo mkataba wa kamati uandikwe mapema: mwenye nyumba aliyesaidiwa na nguvu za mtaa hapandishi kodi ya wapangaji waliopo kwa miaka mitatu, na anapokea kodi kwa mwezi au miezi mitatu badala ya kudai miezi sita kwa mkupuo. Mpangaji naye anachangia siku zake za kazi na anaandikwa kwenye daftari kwa ajili ya sehemu za juu zikijengwa. Tangu mwaka 2021 kodi ya jengo inakatwa kwenye LUKU, yaani umeme wa kulipia kabla, na anayenunua umeme mara nyingi ni mpangaji. Risiti zitunzwe na kiasi hicho kipunguzwe kwenye kodi ya pango, maana ni deni la mwenye nyumba.

Hatua ya tisa: kalenda ya mtaa

Tundikeni kalenda ofisi ya serikali ya mtaa. Februari, wiki mbili kabla ya masika kukaribia, mitaro yote ifunguliwe kwa siku moja, kila nyumba ikisafisha kipande chake, na mchanga utolewe kabisa, usiwekwe ukingoni ambako mvua itaurudisha. Aprili, katikati ya mvua, wawili wapite na lile daftari la kwanza kuangalia maji yanakwama wapi. Julai na Agosti ni miezi ya kujenga, kukausha kuta na kunyonya vyoo. Septemba kagueni mabati na gata kabla ya vuli. Ufunguo wa stoo ya majembe na ule mpira wa kupimia ukae kwa mtu anayelala karibu na mtaro, na jina lake liandikwe mlangoni.